Kufunga mwanya wa siklodialisisi: mwongozo kamili wa siklopeksi ya moja kwa moja

Jicho lenye presha ya mmHg 3 au 4 mwezi mmoja baada ya kupigwa ngumi, mpira, jiwe la manati au usukani wa bodaboda mara nyingi limeshapita kliniki mbili tatu likiambiwa limetulia. Tumezoea kuogopa presha iliyopanda. Iliyoshuka huandikwa kwenye faili ikaachwa hapo. Mgonjwa anarudi analalamika kwamba mistari iliyonyooka anaiona imepinda na miwani haimsaidii, na ukimpima retina unakuta makula ina mikunjo, mishipa imejipindapinda na kichwa cha neva kimevimba.

Mwongozo huu ni wa madaktari bingwa wa macho na wanaosomea ubingwa, hasa wanaofanya kazi hapa Dar es Salaam, ambao mkono umeshazoea handaki la sklera la upasuaji wa mtoto wa jicho lakini hawajawahi kufunga mwanya wa siklodialisisi, yaani pale msuli wa siliari ulio nyuma ya irisi unapobanduka kwenye sklera, ukuta mweupe wa jicho. Siklopeksi ni kuushona msuli huo urudi mahali pake. Kushona kwenyewe si kugumu kuliko mambo mnayofanya kila siku. Kazi iko kwenye kuujua mwanya unaanzia wapi na kuishia wapi, na kwenye saa 48 zinazofuata.

Kilichoharibika

Nyuzi za urefu za msuli wa siliari zimeshika kwenye spuri ya sklera, ukingo mdogo wa ndani ulio kwenye pembe ya konea na irisi. Jicho likigongwa kwa mbele hubonyea, kiuno chake kikatanuka, na maji ya chumba cha mbele yakasukumwa kwa nguvu kwenye pembe. Nyuzi zikibanduka kwenye spuri, chumba cha mbele kinaungana moja kwa moja na nafasi ya suprakoroidi, iliyo kati ya sklera na koroidi. Maji yanapita huko bila kizuizi, mwili wa siliari unanyanyuka, na uliponyanyuka nao unazalisha maji kidogo. Mwanya huu pia hutokea mezani kwetu: wakati wa trabekulektomi, goniotomi, au upasuaji wa mtoto wa jicho ambao kisu au lenzi imevutwa vibaya kwenye mzizi wa irisi.

Mwaka 1905 Heine wa Ujerumani aliufungua mwanya kama huu kwa makusudi, kutibu glakoma. Njia hiyo iliachwa kwa sababu matokeo yake hayatabiriki: mmoja presha haishuki, mwingine inaanguka hadi sifuri. Tabia hiyohiyo ndiyo inayotusumbua leo. Ukubwa wa mwanya haulingani na kushuka kwa presha. Tukiugawa mzunguko wa jicho sehemu 12 kama uso wa saa, tundu la nusu saa linaweza kumwaga maji sawa na mwanya wa saa 4. Kwa hiyo mwanya uliofungwa robo tatu bado ni mwanya ulio wazi, na hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Kwanza hakikisha ni mwanya

Presha ya chini ina wenyewe wengi. Weka fluoresini uangalie kama jeraha au bleb (kifuko cha maji cha upasuaji wa glakoma) inavuja. Panua mboni, chunguza retina hadi pembezoni, na kama huoni ndani piga ultrasaundi ya B, kwa sababu retina iliyobanduka nayo hushusha presha. Uveitisi ya muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Jicho lililopasuka kwa nyuma, chini ya msuli, huweza kujificha chini ya damu ya konjaktiva. Likikutia shaka, lifungue ulichunguze kabla ya kufikiria siklopeksi.

Kuutafuta mwanya

Gonioskopi, yaani kutazama pembe kwa lenzi maalumu inayowekwa kwenye konea, ndiyo kipimo kikuu, nayo ni ngumu hapa kuliko kwenye jicho la kawaida. Jicho ni laini, lenzi ya gonio ikigusa tu konea inakunjamana, na chumba mara nyingi ni kifupi. Tumia mguso mwepesi kabisa. Weka pilokapini 2%, subiri nusu saa hadi saa nzima: inavuta irisi itoke kwenye pembe na kuutanua mwanya. Lakini mgonjwa aliyekuwa kwenye atropini hatajibu pilokapini. Simamisha atropini wiki 1 hadi 2 kabla ya kipimo hiki.

Unachotafuta ni mstari mweupe wa sklera ulio wazi nyuma ya spuri, na kiza nyuma yake. Kwenye macho yetu yenye rangi nyingi, utepe wa siliari ni wa kahawia iliyokoza, na pembe iliyorudi nyuma kwa kipigo huonekana pana na yenye kiza vilevile. Tofauti ni weupe: pembe iliyorudi nyuma haina sklera tupu ndani yake. Usipoona weupe, usiseme umeona mwanya.

Zunguka pembe yote hata kama umeupata mapema. Mwanya wa pili upande wa pili si jambo la ajabu, na ndio unaofanya upasuaji mzuri uonekane umeshindwa.

Ultrasaundi ya masafa ya juu, UBM, inasaidia sana pale konea ni chafu au chumba kimelala. Tahadhari moja: maji ya suprakoroidi husambaa duara zima hata mwanya ukiwa mdogo. Ukiona maji kwenye namba 9 haina maana mwanya uko namba 9. Fuata spuri, kipande kwa kipande, utafute pale ambapo msuli umeachana nayo. OCT (picha ya tabaka kwa mwanga) ya mbele ya jicho inaweza kutosha kama UBM haipo, ingawa haipenyi vizuri nyuma ya irisi yenye rangi nyingi.

Chora mchoro na uandike mahali kwa namba za uso wa saa, 12 ikiwa juu. Kwenye fomu na kwa mdomo tamka “namba 4”, usiseme “saa nne”. Nesi wa thieta atakayeisikia kama saa zetu za kawaida ataelewa namba 10, na hapo utaandaliwa upande usio wenyewe.

Dawa na leza kabla ya kisu

Mwanya mpya usiozidi saa 4 za uso wa saa upewe nafasi ya kujifunga. Atropini 1% mara 2 kwa siku, wiki 6 hadi 8, ili msuli ulegee na kurudi kwenye sklera. Steroidi zipunguze au ziache, maana tunataka uvimbe kidogo wa kugandisha. Watu wengi hukosea hapa: wanaendelea na prednisoloni kila saa 2 kwa sababu jicho ni jekundu, na mwanya hauna cha kuushikiza.

Leza ya kijani ni hatua inayofuata kwa mwanya mdogo unaoonekana vizuri. Choma kuta zote mbili, uvea na sklera. Sklera nyeupe haifyonzi mwanga, hivyo inahitaji nguvu kubwa zaidi. Inauma, toa ganzi ya chini ya Tenoni (utando unaofunika sklera). Inaweza kurudiwa.

Mwanya mpana kupita saa 4, makula yenye mikunjo inayozidi kukomaa, au wiki 8 zimepita bila mabadiliko: nenda thieta. Kuchelewa miezi kunapunguza matumaini ya kuona vizuri, ingawa macho yaliyokaa na presha ya chini muda mrefu nayo yameonekana kupata nafuu, hivyo mgonjwa aliyechelewa asifukuzwe.

Maandalizi

Mazungumzo ya ridhaa yawe ya wazi kuhusu jambo moja ambalo wengi hulipita haraka. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: “Kaka, mwanya ukifunga, presha ya jicho inaweza kupanda ghafla usiku. Utasikia kichwa na jicho vinauma sana, utatapika. Hiyo siyo malaria. Usipite duka la dawa, rudi hospitali hapohapo.” Mweleze pia ndugu anayemsindikiza, kwa sababu huyo ndiye atakayeamua saa 8 usiku.

Pima selimundu. Tanzania ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu, na kwa mgonjwa huyo damu ndani ya jicho pamoja na presha iliyopanda vinaweza kuua neva hata kwa kiwango ambacho wengine wangevumilia. Asetazolamaidi nayo itumike kwake kwa uangalifu. Uliza pumu, kwa sababu ya timololi, na mzio wa dawa za salfa.

Mezani hakikisha kuna: kisu cha nyuzi 15, kisu cha kresenti, nailoni 10-0 yenye sindano bapa, pakiti 3 au zaidi, uzi wa poliglaktini 8-0 wa konjaktiva, viskoelastiki, kanyula ya Simcoe, kotari ya bipola, traipani bluu, lenzi ya gonio ya thieta iliyotakaswa, spachula butu, sponji nyingi. Ya mwisho isisahaulike: manitoli na asetazolamaidi viwe wodini kabla mgonjwa hajaingia thieta. Kuvitafuta usiku wa manane ni kuchelewa.

Upasuaji

Ganzi. Nusu kaputi ndiyo chaguo letu, maana kazi ni ndefu na jicho litafunguliwa. Ikishindikana, ganzi ya chini ya Tenoni ya lignokaini na bupivakaini, mililita 4 hadi 5, ikiingizwa robo ya jicho iliyo mbali na mwanya ili konjaktiva ya eneo la kazi isivimbe. Weka pilokapini dakika 30 kabla: inaonyesha ncha za mwanya na kuikinga lenzi.

Kujaza chumba na kuthibitisha. Toboa tundu la pembeni mbali na mwanya, kisha jaza viskoelastiki polepole. Ukiisukuma kwa haraka itapita kwenye mwanya na kuingia suprakoroidi, ikinyanyua zaidi kile unachotaka kukirudisha. Geuza kichwa cha mgonjwa na hadubini, weka lenzi ya gonio, tazama ncha zote mbili tena, na uziwekee alama ya wino kwenye konea. Alama hii ni muhimu kuliko mchoro wa kliniki. Jicho lililojazwa pia limekuwa gumu kiasi, na kisu hakitaburuta sklera unapochonga.

Konjaktiva na sklera. Fungua konjaktiva kwenye limbasi (mpaka wa konea na sklera), ipite ncha za mwanya kwa saa 1 kila upande. Unguza mishipa kidogo tu. Kuunguza sana kunakaza sklera na kusumbua mishono. Chonga kigae cha sklera chenye bawaba kwenye limbasi, kina nusu hadi theluthi mbili ya unene, kikienda nyuma mm 4. Saa moja ya uso wa saa ni karibu mm 3 kwenye limbasi, hivyo mwanya wa saa 3 ni kama mm 9. Ongeza nusu saa kila upande, kigae kinakuwa na urefu wa mm 12. Anayeweza kuchonga handaki la sklera kwa kresenti anajua mwendo huu. Tofauti ni kwamba hapa huingii konea. Simama kwenye limbasi.

Kwenye namba 3 na 9 kaza macho: mishipa mikubwa ya siliari hupita hapo na damu yake haizimiki kirahisi.

Kukata kina. Kwenye sakafu ya kigae, mm 1.5 hadi 2 nyuma ya limbasi, kata sambamba na limbasi, wima, polepole hadi uone rangi ya kahawia. Maji yatatoka, mara nyingi yana unjano kidogo: ni ya suprakoroidi. Usikate urefu wote kwa mpigo mmoja. Kata mm 3, shona, kata mm 3 nyingine. Mkato mrefu ulio wazi kwenye jicho lisilo na presha unakaribisha vitriasi kutoka, na mbaya zaidi, kuvuja damu kwa koroidi.

Mwili wa siliari utauona mweusi-kahawia, umelegea, umeanguka ndani. Spachula butu ikipita mbele kwa urahisi hadi chumbani, uko kwenye mwanya. Ikigota kwenye spuri, umefika tishu nzima. Igusishe tu. Ukiisukuma utakuwa unaurefusha mwanya kwa mkono wako.

Kushona. Anza nje kidogo ya ncha moja, kwenye tishu nzima. Sindano ya nailoni 10-0 inaingia kwenye mdomo wa mbele wa sklera, inatokea ndani usawa wa spuri, inachukua msuli wa siliari kwenye ncha yake ya mbele, kisha inatoka kwenye mdomo wa nyuma. Unene wa msuli unaochukua ni nusu, si zaidi. Ukizama, utachoma mikunjo ya siliari, na damu itajaza chumba usione kitu. Ukichukua kidogo sana, uzi utakata kama waya kwenye jibini. Mishono iachane kwa mm 1 hadi 1.5, kwa hiyo kila saa ya mwanya inataka mishono 2 au 3. Endelea hadi upite ncha ya pili.

Baada ya kila fundo, tazama mboni. Ikivutwa kuelekea mshono, umeshika mzizi wa irisi. Kata uzi, rudia nyuma kidogo. Usijiambie kwamba itanyooka yenyewe. Haitanyooka, na pembe ya hapo itafungwa pamoja nayo.

Fundo likaze hadi msuli ugusane na sklera, basi. Kukaza zaidi kunaupinda mdomo wa mkato na kufungua upenyo pembeni ya mshono, yaani unatengeneza mwanya mdogo ukidhani unafunga mkubwa.

Jaribio. Hatua hii ndiyo inayorukwa kila orodha ya wagonjwa ikiwa ndefu, na ndiyo inayookoa kurudi thieta. Weka tone la traipani bluu kwenye maji ya chumvi, ingiza kupitia tundu la pembeni hadi jicho liwe gumu, subiri dakika moja na ukaushe mkato kwa sponji. Rangi ikitokeza popote, ongeza mshono hapo. Jicho likilegea tena bila rangi kutoka kwenye mkato, maji yanapita mahali pengine: rudisha lenzi ya gonio utafute mwanya wa pili.

Kufunga. Osha viskoelastiki kwa Simcoe, kwa mtiririko mdogo. Ikibaki nyingi itaongeza presha ambayo tayari inakuja. Rudisha kigae kwa nailoni 10-0, konjaktiva kwa poliglaktini 8-0, antibiotiki na deksamethasoni chini ya konjaktiva, atropini 1%.

Mwanya mkubwa au jicho lenye shida nyingine

Unapozidi saa 6, fikiria kugawa kazi mara mbili, au kushirikiana na wa retina: vitrektomi, krayo (kugandisha kwa baridi) juu ya mwanya na gesi ya kuusukuma msuli urudi, huku mgonjwa akilazwa kwa mkao unaoelekeza povu kwenye mwanya.

Kama mtoto wa jicho ameshakomaa, unaweza kumtoa na kuweka lenzi ya vipande 3 kwenye salkasi (kati ya irisi na kapsuli), mkono wake mmoja ukielekezwa kwenye mwanya ili uubane kwa ndani. Inafaa mwanya mdogo, mpana usiutegemee. Njia ya kupitisha polipropilini 10-0 yenye sindano ndefu kukatiza chumba hadi itoke nje kwenye sklera nayo ni nzuri, ila kwa jicho ambalo bado lina lenzi yake sindano hupita karibu mno na kapsuli.

Saa 48 za kwanza

Mwanya ukifunga, maji yanarudi kwenye njia ya trabekula ambayo kwa wiki nyingi haikutumika. Njia hiyo imelala, wakati mwili wa siliari umeamka na kuzalisha. Presha ya 40 hadi 60 si ajabu, na kwa kweli ni dalili kwamba umefunga. Kwa mgonjwa anayekaa Mbagala au Kigamboni, mwenye kivuko na foleni mbele yake, kumruhusu jioni ileile ni kosa. Mlaze usiku 2 hadi 3, presha ipimwe jioni ya upasuaji, usiku, na asubuhi.

Ikipanda: timololi 0.5% mara 2 kama hana pumu, dozolamaidi mara 3, asetazolamaidi mg 500 kwa mkupuo kisha mg 250 kila saa 6. Ikikaa juu ya 40 na maumivu, manitoli 20% gramu 1 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60, yaani mililita 300. Moyo na figo viangaliwe kwanza.

Pilokapini marufuku: inavuta msuli na kuufungua mwanya uliotoka kuushona. Prostaglandini nazo ziweke pembeni, zinapitisha maji njia ileile unayoifunga na kuongeza uvimbe. Atropini iendelee mara 2 kwa wiki 4 hadi 6. Prednisoloni 1% mara 4, ikipunguzwa mapema kuliko tunavyofanya baada ya mtoto wa jicho. Dawa za presha zipunguzwe moja moja. Wengi presha hutulia ndani ya wiki 2 hivi.

Presha isipopanda

Siku chache za presha ya 4 au 5 zisikutie hofu, hasa kama damu ilitoka kidogo. Wiki ya 2 fanya gonioskopi nyepesi, au UBM kama ipo. Mwanya mdogo uliobaki kwenye ncha unafaa leza. Mwanya mwingine kabisa unarudi thieta. Pembe ikiwa imefungwa yote na presha bado chini ya 5 kwa wiki 6, rudi kwenye orodha ya mwanzo: kuvuja, retina, uveitisi, mwili wa siliari uliokufa.

Aliyefungwa vizuri mara nyingine huona vibaya zaidi kwa mbali katika mwezi wa kwanza, na hulalamika kwamba upasuaji umemharibu. Jicho lenye presha ya chini hufupika. Presha ikirudi, hurefuka na kuelekea kwenye kutoona mbali. Kwa sababu hiyohiyo, urefu uliopimwa wakati jicho limelegea usiutumie kukokotoa lenzi. Tumia vipimo vya jicho lingine kama havikutofautiana kabla ya kuumia, au subiri presha ikae sawa upime upya. Miwani iandikwe baada ya miezi 3, atropini ikiwa imeshaisha jichoni.